Sheria ya Uzururaji na Polisi wa Kisenyi

Mwezi Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilitoa hukumu ambayo haikupigiwa ngoma mitaani wala haikuwatoa watu nje kushangilia. Hata hivyo hukumu hiyo iliwagusa wakazi wa Kisenyi kuliko hotuba nyingi zilizokwisha kutolewa juu ya usalama wa jiji la Kampala. Majaji walitamka kwamba vifungu viwili vya Sheria ya Makosa ya Jinai, vile vilivyompa askari ruhusa ya kumkamata mtu kwa kuwa ni laghai na mzururaji, vinapingana na Katiba ya nchi ya mwaka 1995, na kwa hiyo ni batili.

Yafaa kwanza kueleza vifungu hivyo vilisema nini. Kimoja kilimhusu mtu anayeshukiwa, au anayesifika kuwa mwizi, ambaye hana njia ya kujikimu inayoonekana, naye hawezi kujieleza vya kutosha. Cha pili kilimhusu mtu anayekutwa akitembea barabarani au karibu na jengo lolote, kwa wakati na kwa namna inayomfanya mtu aamini kwamba yupo pale kwa nia mbaya. Msikilizaji atagundua mara moja kwamba katika maneno hayo hakuna kitu kilichoibwa, hakuna mlango uliovunjwa, wala hakuna mlalamikaji. Kuna mtu amesimama, na kuna askari anayemtazama. Kosa lote limo katika jicho la yule anayetazama.

Sasa jicho hilo na lipelekwe Kisenyi.

Mtaa huo umekaa bondeni, chini ya kilima cha Mengo na kile cha Kampala ya Zamani, karibu na mfereji wa Nakivubo na soko kubwa la Mtakatifu Balikuddembe, ambalo wengi bado huliita Owino. Hapo pana vinu vya kusaga mahindi ambavyo vumbi lake jeupe huwakalia watu nywele na kope. Pana wachomeleaji, wanunuzi wa vyuma chakavu, na kituo cha mabasi yaendayo mikoani. Pana maduka na mikahawa ya Wasomali, ambao wengi wao walikuja wakikimbia vita vilivyoanza kwao mwaka 1991. Pana vilevile watoto na akina mama kutoka Karamoja, hasa wilaya ya Napak, wanaookota nafaka iliyomwagika na kuomba njiani. Maelfu ya watu wa hapo hawana mwajiri, hawana kitambulisho cha kazi, na riziki yao ya leo hawajui itatoka mlango upi. Kwa maneno ya sheria ile, njia yao ya kujikimu haionekani. Nao husimama njiani karibu na majengo ya watu wengine mchana kutwa, kwa sababu kusimama njiani ndiyo kazi yenyewe: mchukuzi anangoja mzigo, dalali wa basi anangoja abiria, kibarua anangoja kuitwa kinuni.

Ikitumiwa kwa ukamilifu wake, sheria ile ingeweza kuufunga mtaa mzima. Bila shaka haikuwezekana kutumiwa hivyo. Ilitumiwa kwa kuchagua, na madhara yake yalianzia hapo.

Ni vema kueleza kwa nini shtaka la namna hiyo lilipendwa. Askari anayemshtaki mtu kwa wizi lazima amtafute mwenye mali, aandike maelezo, amlete shahidi, ahifadhi kielelezo, kisha asubiri tarehe ya mahakama. Shtaka la uzururaji halikudai lolote kati ya hayo. Aliyekamatwa usiku wa Ijumaa hujikuta mahabusu hadi wiki inayofuata. Katiba inaagiza afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita, lakini maskini asiye na wakili hana wa kumhesabia saa. Ukutani mwa vituo vingi vya polisi vya Uganda pamebandikwa tangazo kwamba dhamana ya polisi ni bure. Tangazo hilo limebandikwa kwa sababu kila mtu anajua kwamba kwa wengi si bure. Ndugu wa aliyekamatwa huja na fedha kidogo zilizokunjwa mkononi, na mambo huishia mezani bila karatasi. Asiye na ndugu hupelekwa mbele ya hakimu, naye mara nyingi hukiri kosa asilolielewa, kwa kuwa kukiri humpa faini ndogo au siku chache za kufagia kwa huduma ya jamii, ilhali kukana kwaweza kumpeleka rumande ya Luzira majuma mengi. Hivyo mtu asiye na hatia hutoka akiwa na rekodi ya jinai aliyoichagua mwenyewe kama njia ya mkato ya kwenda nyumbani.

Sheria hii haikubuniwa Kampala. Mizizi yake imo katika Sheria ya Uzururaji ya Uingereza ya mwaka 1824, iliyotungwa baada ya vita vya Napoleon, wakati askari walioachishwa kazi na wakulima waliopoteza mashamba walipokuwa wakitangatanga mijini. Watawala wa kikoloni waliichukua kama ilivyo wakaisambaza Afrika, Asia na visiwa vya Karibiani. Huku kwetu ilifaa kwa kazi nyingine: kumzuia Mwafrika asikae mjini ila pale ambapo Mzungu au Mhindi anayahitaji mabavu yake. Kenya walikuwa na kipande. Uganda haikufika huko, lakini maana ya mji ilikuwa ile ile.

Kisenyi yenyewe ilikuwa na hali ya pekee. Haikuwa ndani ya manispaa ya Kampala. Ilikuwa sehemu ya Kibuga, yaani makao makuu ya Buganda, chini ya serikali ya Kabaka iliyokuwa na askari wake yenyewe. Watafiti wawili, Aidan Southall na Peter Gutkind, walioichunguza Kisenyi katika miaka ya 1950, waliukuta mtaa wa wapangaji wa chumba kimoja kimoja, wauza pombe, mafundi na wageni wa makabila mengi. Mpaka kati ya manispaa na Kibuga ulikuwa pia mpaka kati ya polisi wawili, na watu wajanja waliujua vizuri. Ni mwaka 1968 tu ndipo eneo la Mengo liliunganishwa na jiji, na polisi wa serikali kuu wakawa ndio polisi wa kila mahali.

Muungano huo ulikuja wakati mbaya. Miaka ile Kampala ilikuwa imekumbwa na kondo, jina walilopewa majambazi wa silaha, na serikali iliweka adhabu ya kifo kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Kisha mwaka 1971 Idi Amin akatwaa madaraka, na kabla miezi mingi haijapita wanajeshi wakapewa kwa amri rasmi uwezo wa kuwakamata raia. Kikosi kilichoitwa cha Usalama wa Umma kikaweka makao yake Naguru. Watu walioingia humo kwa tuhuma za ujambazi, wengi hawakuonekana tena. Hapo tofauti kati ya kumkamata mtu na kumpoteza ilifutika.

Baada ya Amin kuondoka mwaka 1979, mambo hayakutulia. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, wakati wa vita vya msituni, wakazi wa Kampala walijifunza maneno mawili ya Kiswahili ambayo wazee wa Kisenyi hawajayasahau: panda gari. Askari huzingira mtaa alfajiri, watu hutolewa nyumbani, hupangwa mstari, na anayenyooshewa kidole huambiwa apande lori. Baadhi walirudi jioni; baadhi hawakurudi kabisa. Ni jambo la kusikitisha kwa wanaoipenda lugha hii kwamba kwa Waganda wengi wa rika lile Kiswahili kilikuwa sauti ya kizuizi cha barabarani. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa na kukifanya lugha rasmi ya pili, lakini karatasi haiwezi kufuta sauti iliyosikika mlangoni kabla ya mapambazuko.

Isidhaniwe kwamba ni Uganda tu. Tanzania, nchi iliyojivunia utu, mwaka 1983 iliendesha kampeni ya Nguvu Kazi, na vijana wa Dar es Salaam walioitwa wazururaji walisombwa kupelekwa mashambani. Wengi wao walikuwa wachuuzi. Walipata nafasi wakarudi mjini, na jiji likaendelea kuwanunulia karanga na sigara zao kama kwamba hakuna kilichotokea.

Marekani, nchi ambayo mambo ya polisi wake hujadiliwa dunia nzima, ilipita njia hii mapema zaidi. Mwaka 1972 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliifuta sheria ya uzururaji ya mji wa Jacksonville, Florida, kwa sababu karibu ile ile waliyoitoa majaji wa Kampala miaka 50 baadaye: kwamba maneno yake yalikuwa mapana mno hata mtu wa kawaida hawezi kujua lini anavunja sheria, na askari anaweza kumkamata yeyote asiyempenda. Lakini inafaa kuangalia kilichofuata, kwa sababu hapo ndipo pana funzo kwa Kisenyi. Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 1968, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imemruhusu askari amsimamishe mtu na kumpapasa mavazi ikiwa ana sababu ya kueleweka ya kumshuku kwamba ana silaha na yuko katika kufanya uhalifu. Sababu ya kueleweka haikukaa finyu. Mwaka 1982 wataalamu wawili waliandika kwamba kioo kimoja kilichovunjika na kuachwa hukaribisha uhalifu mkubwa, na wakuu wa polisi wa miji mikubwa wakalichukua wazo hilo na kuliendesha kwa kasi. Mwaka 2011 polisi wa New York walisimamisha watu zaidi ya mara 685,000. Karibu tisa katika kila kumi waliachiwa bila shtaka lolote, na wengi mno walikuwa vijana weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini. Mzururaji alikuwa amefutwa katika vitabu, lakini alikuwa amerudi barabarani kwa jina jingine.

Mwaka 2013 hakimu wa shirikisho aliamua kwamba utaratibu ule, jinsi ulivyokuwa ukitumika, ulivunja Katiba. Walioonya kwamba jiji lingerudi mikononi mwa majambazi hawakuona wanayoyahofia: usimamishaji wa watu ulishuka hadi sehemu ndogo ya ulivyokuwa, na mauaji hayakuongezeka katika miaka iliyofuata mara moja. Hata hivyo Marekani ina vyombo vya polisi vipatavyo 18,000, kila mji na kila wilaya na chake, na amri inayotolewa New York haimlazimishi askari wa Minneapolis. Katika mji huo wa pili, ambao ndio wenye jumuiya kubwa kuliko zote ya Wasomali nchini humo, George Floyd aliuawa na askari tarehe 25 Mei 2020 kufuatia madai ya noti bandia ya dola 20. Mwaka 2023 Wizara ya Sheria ya Marekani ilichapisha ripoti nzito juu ya polisi wa hapo. Mei 2025 serikali iliyoingia madarakani ikaomba mahakama iyafute makubaliano ya marekebisho yaliyokuwa yametokana na ripoti hiyo. Hivyo hata penye mahakama hodari na magazeti makali, marekebisho ya polisi yanaweza kurudi nyuma kwa saini moja.

Uganda ina jeshi moja la polisi, lililoanzishwa mwaka 1906, lenye mkuu mmoja. Hilo lina faida yake, kwani amri nzuri ikitolewa Naguru inapaswa kufika Kisenyi. Lina hasara yake pia, kwa kuwa mwananchi wa mtaani hana sauti juu ya askari anayeletwa kwake, naye askari huyo hutazama juu anakopandishwa cheo kuliko chini anakofanyia kazi.

Jaribio la kweli la kuziba pengo hilo halikutoka kwa polisi. Lilikuja mwaka 1986 pamoja na Mabaraza ya Upinzani, ambayo baadaye yaliitwa Mabaraza ya Mitaa. Kila mtaa ulichagua kamati, na katika kamati hiyo akawamo anayehusika na usalama. Mwenyekiti wa LC 1 akawa mtu wa kwanza kuamshwa usiku. Ugomvi wa mpangaji na mwenye nyumba, mtoto aliyepotea, sufuria iliyoibwa, mume aliyempiga mkewe: yote yaliishia kwake kabla ya kufika kituoni, na mara nyingi hayakufika kituoni kabisa. Mabaraza hayo yalikuwa na dosari, zikiwamo upendeleo na ada za barua. Lakini mwenyekiti alijua nani ni mchukuzi na nani ni mwizi, maarifa ambayo askari aliyehamishiwa mtaani mwezi uliopita hawezi kuwa nayo. Kwa bahati mbaya uchaguzi wa ngazi hiyo, uliofanyika mwaka 2001, haukufanyika tena hadi Julai 2018. Kwa miaka 17 mitaa iliongozwa na watu ambao muda wao ulikuwa umekwisha. Wengine walikufa, wengine walihama, na imani ya watu ikapungua.

Polisi nao, chini ya Jenerali Kale Kayihura aliyewaongoza toka 2005 hadi 2018, walileta mipango yao. Uliletwa mpango wa Mayumba Kumi, uliofanana na ule wa mabalozi wa nyumba kumi kumi wa Tanzania, na waliandikishwa maelfu ya vijana walioitwa wazuia uhalifu. Vijana hao wangeweza kuwa msaada mkubwa. Lakini waliongezeka upesi kuelekea uchaguzi wa mwaka 2016, bila mafunzo ya kutosha na bila mshahara, na wengi waliwaona kama jeshi la chama. Kijana aliyepewa madaraka bila posho atajitafutia posho kwa madaraka hayo. Hakuna haja ya utafiti kulijua hilo.

Mtihani mgumu kuliko yote kwa Kisenyi ulikuja tarehe 11 Julai 2010. Usiku ule, watu wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, mabomu yalilipuka katika uwanja wa raga wa Kyadondo na katika mkahawa wa Kiethiopia huko Kabalagala, yakaua watu zaidi ya 70. Kundi la Al-Shabaab la Somalia lilidai kuhusika, likisema linalipiza kisasi kwa majeshi ya Uganda yaliyokuwa Mogadishu tangu 2007. Asubuhi yake kila jicho liligeukia Kisenyi. Mtu mwenye jina la Kisomali na barua ya ukimbizi mfukoni alijua kwamba leo hana haja ya kutenda lolote ili ashukiwe. Lakini kesi ilipofika mahakamani, washtakiwa 13 walikuwa raia wa Kenya, Uganda na Tanzania, na aliyepatikana kuwa kiongozi wa njama, aliyehukumiwa mwaka 2016, alikuwa raia wa Uganda. Laiti polisi wangetumia nguvu zao zote kuwapanga mstari wenye maduka wa Kisenyi, wangekuwa wamelitafuta jambo mahali lisipokuwa. Tena wangewafunga midomo watu ambao, kwa kuwa walilikimbia kundi hilo hilo kwao, walikuwa na sababu kubwa kuliko wote ya kulichukia na kutoa habari zake.

Kazi ya polisi katika mtaa kama huu huendeshwa kwa habari. Simu iliyoporwa kituoni mwa mabasi ina mtu aliyeiona ikichukuliwa, na pana fundi aliyeletewa aifungue. Mwenye kibanda cha chai anayajua yote. Je, atamwambia askari? Anatazama nini kilitokea mara ya mwisho: kijana aliyemtaja alitoka siku ya pili, na mtoto wa kwake mwenyewe, asiyehusika, alizolewa katika msako wa juma lile kwa sababu alikuwa amekaa kibarazani. Basi mwenye kibanda anafunika birika lake na kunyamaza. Mwizi akishikwa mchana, umati humpiga na huenda ukamuua, kwa kuwa umati hauamini kwamba kituoni pana haki. Polisi wanaolalamika juu ya watu kujichukulia sheria mkononi wana haki ya kulalamika, ila sehemu ya lawama imekaa ndani ya kaunta yao wenyewe.

Haki inadai isemwe pia kwamba askari huyo anaishi vibaya. Katika kambi za Nsambya na Naguru familia za askari zimekaa kwa miaka katika vibanda vya bati vya mviringo, vyenye joto la tanuri mchana, baba, mama na watoto wakitenganishwa kwa pazia. Mshahara wa askari wa cheo cha chini hauitoshi karo ya shule. Mtu anayerudi kwenye kibanda hicho alfajiri baada ya doria ya usiku kucha si rahisi kumtaka awe mwalimu wa Katiba. Hilo halihalalishi kupokea fedha za dhamana, lakini linaeleza kwa nini amri peke yake haijawahi kuikomesha tabia hiyo.

Hukumu ya Desemba 2022 haikusimama peke yake. Malawi ilikuwa imekifuta kifungu cha namna hiyo Januari 2017, na mwezi Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji hazipatani na Mkataba wa Afrika, na nchi zilizo nazo zapaswa kuzifuta au kuzirekebisha.

Lakini majaji wa Kampala waliulizwa juu ya vifungu viwili, nao wakajibu juu ya viwili. Kifungu jirani, kinachowahusu wavivu na wakorofi, ambacho ndani yake wamo ombaomba, wachezao kamari hadharani na wengine wa aina hiyo, hakikuwa sehemu ya hukumu hiyo. Tena nje ya polisi wapo askari wa Halmashauri ya Jiji la Kampala, wenye magari yao, sheria zao ndogo na misako yao dhidi ya wachuuzi na watoto wa mitaani. Watoto wa Karamoja wamekuwa wakizolewa mara kwa mara kutoka njia za Kisenyi na kupelekwa Kampiringisa, wilayani Mpigi, au kurudishwa Napak kwa mabasi. Wengi wao hurudi, kwa kuwa njaa iliyowaleta haijahama. Huwakuta mama zao pale pale kando ya vinu, na makopo yao, wakiokota punje za mahindi zilizomwagika malori yakishusha magunia.